Utoto wa Ongwen na hesabu ya miaka 25

Tangu Mahakama ya Kimataifa ya Makosa ya Jinai (ICC) ya The Hague imtie hatiani Dominic Ongwen, kamanda wa waasi wa Uganda wa LRA (Lord's Resistance Army), Februari 4, 2021, kuna kauli inayorudiwa Dar es Salaam kila kesi hiyo inapotajwa, iwe darasani Mlimani au kwenye kijiwe cha kahawa Kariakoo: The Hague wamemfunga mtoto. Wanaosema hivyo wana huruma ya kweli, na huruma hiyo ina msingi. Ongwen alitekwa na waasi wa LRA akiwa njiani kwenda shule, kaskazini mwa Uganda, mwaka 1987 hivi, akiwa na umri wa miaka tisa au karibu na hapo. Hakuna jaji aliyelikana hilo. Ila kauli yenyewe si kweli, na ukishaikubali, mjadala wote unaofuata unakwenda kombo.

Ibara ya 26 ya Mkataba wa Roma, ulioiunda mahakama hiyo, inainyima ICC mamlaka juu ya mtu yeyote aliyekuwa chini ya miaka 18 alipotenda kosa. Hapa hatuzungumzii adhabu nyepesi wala kesi ya faraghani. Faili halifunguliwi kabisa. Na kwa Ongwen kulikuwa na kufuli la pili, kwa sababu mkataba ulianza kutumika Julai 1, 2002. Mashtaka yote 70 yalihusu kipindi cha kuanzia siku hiyo hadi Desemba 31, 2005, alipokuwa na miaka kama 24 hadi 27. Aliyoyafanya akiwa na miaka 12 au 16, hata yawe mabaya kiasi gani, hayakuwamo kwenye hati ya mashtaka.

Linganisha na mahakama yetu ya Kisutu, hapa Dar es Salaam. Kanuni yetu ya Adhabu inamwondolea mtoto wa chini ya miaka 10 hatia yoyote ya jinai. Wa kati ya 10 na 12 hawajibiki mpaka upande wa mashtaka uthibitishe kwamba alikuwa na uwezo wa kujua kuwa alichofanya hakifai. Kuanzia miaka 12 mtoto anawajibika, ingawa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampeleka Mahakama ya Watoto, mbali na wahalifu wazima. Maana yake mvulana wa miaka 15 anayetuhumiwa kumjeruhi mtu Mbagala atasimamishwa mbele ya hakimu, na mvulana wa miaka 15 anayetuhumiwa kuchoma kijiji kizima hawezi kushtakiwa The Hague. Kwa suala la umri, mahakama inayolaumiwa kwa ukatili ni laini kuliko yetu.

Hata pale ambapo sheria ya kimataifa iliacha mlango wazi, karibu hakuna aliyepita. Mahakama Maalumu ya Sierra Leone ilipewa mamlaka kuanzia umri wa miaka 15, na mwendesha mashtaka wake wa kwanza, David Crane, akatangaza mwaka 2002 kwamba hatashtaki watoto. Amri iliyounda mahakama ya mauaji ya kimbari ya Rwanda pale Arusha haikutaja umri wa chini, na bado hakuna mtoto aliyefikishwa hapo. Timor ya Mashariki ndiko kulikotokea tofauti: kijana aliyekuwa na miaka 14 wakati wa mauaji ya 1999 alikiri kosa mbele ya majopo maalumu na kufungwa miezi 12.

Hoja za upande wa pili zinastahili kusikilizwa, na ya kwanza ni nzito. Kumwingiza jeshini mtoto wa chini ya miaka 15 ni uhalifu wa kivita kwa Mkataba huohuo wa Roma. Thomas Lubanga, kiongozi wa waasi wa Congo, alifungwa miaka 14 mwaka 2012 kwa kosa hilo peke yake. Kwa hiyo Ongwen alifungwa, pamoja na mengine, kwa kuwatendea watoto kile alichotendewa yeye, na aliyesimamia kundi lililomteka, Joseph Kony, ana hati ya kukamatwa tangu 2005 na hajaonekana mahakamani. Kesi ya kuthibitisha mashtaka dhidi yake ilisikilizwa Septemba 2025 kiti chake kikiwa kitupu.

Ya pili ni ya uteuzi, yaani nani anashtakiwa na nani anasamehewa. Sheria ya Msamaha ya Uganda ya mwaka 2000 iliwapa vyeti vya msamaha waasi zaidi ya 26,000, wakiwamo makamanda waandamizi wa LRA kama Kenneth Banya na Sam Kolo. Thomas Kwoyelo, ambaye pia alitekwa na LRA akiwa mtoto, alikamatwa 2009, akanyimwa msamaha, akakaa mahabusu miaka mingi, na Oktoba 2024 mahakama ya Uganda ikampa miaka 40. Ukiuliza kwa nini Banya alirudi nyumbani na Kwoyelo akabaki ndani, jibu la kisheria lipo, kwamba kesi yake ilifika hadi Mahakama ya Juu. Jibu la haki ni gumu zaidi kulipata. Hapa sina utetezi wa kuipa Kampala.

Ya tatu ndiyo inayosikika zaidi na ndiyo dhaifu: kwamba mtu aliyelelewa porini hana dira ya mema na mabaya, kwa hiyo kutimiza miaka 18 hakumbadilishi. Kweli hakumbadilishi. Lakini mahakama haikuhukumu siku ya kuzaliwa. Ilichukua hukumu yenye kurasa zaidi ya 1,000 kuangalia alichokuwa anakifanya miaka sita na zaidi baada ya siku hiyo.

Hebu tuingie humo, kwa sababu wanaoilaumu hukumu mara nyingi hawaingii. Utetezi ulisimama juu ya Ibara ya 31, kwa njia mbili: ugonjwa wa akili na shuruti. Kwa shuruti, sheria inadai mambo kadhaa yakutane kwa wakati mmoja. Lazima pawe na tishio la kifo cha papo hapo, au la madhara makubwa ya mwili yanayoendelea au yaliyo karibu. Mshtakiwa lazima awe ametenda kilichokuwa cha lazima na cha busara kuliepuka. Na asiwe amekusudia madhara makubwa kuliko yale anayoyakimbia. Sharti moja likikosekana, utetezi wote unaanguka. (Wanaoona kipimo hiki ni cha Kizungu wasome Kanuni yetu ya Adhabu: nayo inataka tishio liwepo muda wote wa tendo, na inasema tishio la madhara ya baadaye halimwokoi mtu.)

Majaji walikuta nini? Mtu aliyekuwa kamanda wa kikosi cha Oka, kisha kuanzia Machi 2004 kamanda wa brigedi nzima ya Sinia. Mara nyingi Kony alikuwa mbali, na walikuwa wanaongea kwa redio. Makamanda wengine walibishana na Kony wakabaki hai, na wapiganaji wengi, wadogo kwake kwa umri na cheo, walitoroka. Mawasiliano ya redio yalikuwa yananaswa na vyombo vya usalama vya Uganda, yakiandikwa kwenye madaftari na kurekodiwa kwenye kanda, na humo Ongwen anasikika akiripoti mashambulizi baada ya kuyafanya. Kambi za wakimbizi wa ndani zilizoshambuliwa zilikuwa nne: Pajule Oktoba 2003, Odek Aprili 2004, Lukodi Mei, Abok Juni. Tatu za mwisho zilifuatana ndani ya wiki sita, miezi michache tu baada ya kupewa brigedi.

Halafu kuna nyumba yake. Wanawake saba walitoa ushahidi kuhusu ubakaji, utumwa na ndoa ya kulazimishwa chini yake, na ni katika kesi hii ambapo ICC ilimtia mtu hatiani kwa mara ya kwanza kwa kosa la mimba ya kulazimishwa. Hoja ya shuruti inapofika hapa inakosa pa kushika. Unaweza kudai Kony aliamuru Lukodi ichomwe. Ni vigumu zaidi kudai kwamba tishio la Kony lilikuwa limesimama mlangoni kila usiku kwa miaka mitatu na nusu.

Na wanawake hao walikuwa akina nani? Baadhi yao walitekwa wakiwa watoto, kama yeye. Hapa ndipo mjadala wetu unapopotea njia: tunazungumza kana kwamba upande mmoja yuko mtoto aliyetekwa na upande mwingine wako wazungu wenye majoho. Upande wa pili walikuwapo waathirika zaidi ya 4,000 walioshiriki kesi kupitia mawakili wao, na wapo miongoni mwao waliotekwa, wakabebeshwa mizigo, wakapewa bunduki, na hawakupanda cheo kwa kuteka wengine. Amri ya fidia ya Februari 28, 2024 inawataja waziwazi waliokuwa askari watoto katika brigedi ya Sinia, pamoja na watoto waliozaliwa kutokana na ubakaji. Mahakama ilikadiria waathirika 49,772, kila mmoja euro 750 za ishara. Hizo peke yake ni euro 37,329,000. Ongeza milioni 15 za matibabu na kurejesha maisha, na 100,000 za kumbukumbu, unapata euro 52,429,000. Ongwen hana hata senti, kwa hiyo mzigo umeelekezwa kwenye Mfuko wa Waathirika, unaotegemea michango ya mataifa. Anayetaka kuilaumu ICC kwa haki, aanzie hapo: lini euro hizo 750 zitafika Lukodi.

Sasa adhabu, ambako utoto uliwekwa mezani na kupewa uzito. Mawakili wa waathirika waliomba kifungo cha maisha. Utetezi uliomba isizidi miaka 10. Upande wa mashtaka wenyewe uliomba isipungue 20, ukitaja utoto wake kama sababu ya kutoomba zaidi. Mei 6, 2021 majaji wawili kati ya watatu walitoa 25, na wa tatu, Raul Pangalangan, alitaka 30. Kifungo cha maisha kilikataliwa kwa sababu ya kutekwa kwake na yaliyomkuta baada ya hapo. Rufaa ilithibitisha adhabu Desemba 2022, na mwaka mmoja baadaye akapelekwa kuitumikia Norway.

Je, utoto ulimpunguzia nini, kwa hesabu? Muda wake unahesabiwa tangu Januari 4, 2015. Kwa Ibara ya 110, mfungwa wa miaka maalumu anapitiwa upya akishatumikia theluthi mbili. Theluthi mbili za 25 ni miaka 16 na miezi 8, kwa hiyo mapitio yake yanaangukia Septemba 2031, akiwa na miaka kama 53. Aliyefungwa maisha anapitiwa upya baada ya miaka 25. Angepewa maisha, mapitio ya kwanza yangekuwa Januari 2040, na Januari 2040 ndiyo siku ambayo kifungo chake cha sasa kinaisha chote. Siku ambayo mfungwa wa maisha angeruhusiwa kuuliza kwa mara ya kwanza kama anaweza kutoka, Ongwen atakuwa anatoka bila kumuuliza mtu, hata kama ombi lake la 2031 litakataliwa. Unaweza kuona punguzo hilo ni dogo. Huwezi kusema halipo.

Mimi naona utoto uliwekwa mahali pake, kwenye adhabu. Ungewekwa kwenye hatia, ungemfutia kila kamanda aliyeanza kama mateka, na katika LRA hao ni wengi. Pia ungempa Kony, na wanaofanana naye, njia rahisi: teka watoto, walee hadi wawe makamanda, na mahakama haitakuwa na wa kumshtaki ila wewe ambaye hukamatiki.

Hoja hii ina mpaka, na mpaka uko karibu nasi kuliko Gulu, kaskazini mwa Uganda. Wanajeshi wa Tanzania wako kwenye kikosi cha Umoja wa Mataifa mashariki mwa Congo tangu 2013, na Desemba 7, 2017 wasiopungua 14 waliuawa kambini Semuliki, katika shambulio linalohusishwa na ADF, kundi la waasi ambalo nalo linateka watoto. Chukua kijana wa miaka 19 aliyetekwa Beni, mashariki mwa Congo, akiwa na 11, akakamatwa wiki iliyopita. Hana cheo, hana redio, hajawahi kukaa siku moja mbali na anayemshikia bunduki. Ibara ya 26 haimkingi, maana amepita 18. Kila kilichomwangusha Ongwen kwenye shuruti, yaani cheo, umbali, nafasi ya kutoroka na aliyoyafanya nyumbani kwake, kwa kijana huyu hakipo.

ICC haitamtafuta, kwa kuwa inafuata wenye dhamana kubwa. Atakayemshika ni mahakama ya kijeshi ya Congo. Sheria ya nchi hiyo inaizuia kuwahukumu walio chini ya miaka 18, lakini yeye amevuka, na cheti cha kuzaliwa cha kuthibitisha kama ni 19 au 17 kwa kawaida hakuna. Katika kesi ya Lubanga wataalamu walipiga picha za mifupa ya kiganja na meno, na bado majaji waliegemea zaidi video za watoto ambao mtu yeyote angeona ni wadogo, kwa sababu vipimo vilikuwa na makosa ya miaka kadhaa kila upande. Mahakama ya kijeshi ya Beni haina hata vipimo hivyo vya kutosha. Na Machi 2024 serikali ya Kinshasa iliondoa zuio la kutekeleza hukumu ya kifo, adhabu ambayo The Hague haiwezi kuitoa kwa mtu yeyote, akiwemo Kony.