Lami Imekuja na Tochi Yake

Wamesimika kibao kingine cha 50, kile cha mwendo wa kwenye makazi. Si pale shuleni. Si pale sokoni, wala penye zahanati ambapo kina mama wanavuka na watoto mgongoni huku michoro ya pundamilia imeshafutika. Wamekisimika baada ya kona, chini ya mwembe, mahali ambapo wakazi wanaojulikana ni mbuzi na kichuguu. Mwembe nao umeshusha tawi, kibao kimefunikwa nusu, na dereva anayetokeza kwenye kona anaona duara jekundu na sifuri. Sifuri! Kwa raia mtiifu hapo ni kuzima gari, kushuka na kujenga. Pengine ndiyo makazi yaliyokusudiwa.

Ni barabara gani sitaji. Nitaonekana nina lawama, na kwa kweli ninazo.

Enzi za vumbi huku Kigoma na Tabora nani alipigwa tochi, kile kipimo cha mwendo cha trafiki? Na angepigwa kwa mwendo gani? Kazi ya trafiki ilifanywa na makorongo. Ukilivamia korongo na 60 lilikuandikia papo hapo: shokapu mbili, bushi na tairodi, na risiti hupewi. Tukaomba lami. Tukaomba, tukapiga kura, tukaomba tena. Sasa imefika, imelala vizuri, ina mistari myeupe pembeni, na kila mwenye Subaru, kila mwenye Crown, na kila mwenye IST ambayo moyoni ni Subaru, akasema sasa tutafaidi. Kumbe lami haiji peke yake.

Tusidanganyane lakini, barabara tamu zipo. Mtu anayependa usukani akiuliza aende wapi, kwa Kigoma jibu ni moja: Mwandiga kwenda Manyovu, kilomita 60 hivi hadi mpakani na Burundi. Ziwa Tanganyika liko kama mita 770 juu ya usawa wa bahari, na huko juu milima inavuka 1,500. Mpando wote huo umegawanywa kwenye kona, na kona zenyewe ni za kiungwana: unaingia taratibu, unaona inapoishia, unakanyaga mafuta ukitoka. Ukifika Kalinzi ni kahawa na migomba pande zote, asubuhi ukungu umelala mabondeni, hata mwenye AC anashusha kioo.

Kupanda si kazi. Kama gari ni otomatiki zima O/D, ile gia ya juu kabisa, ili gia isihangaike kubadilika kila kona. Kazi ni kushuka. Watu wanashuka mlima ule mguu uko kwenye breki mwanzo mwisho, wakifika bondeni wanaulizana harufu hii inatoka wapi. Inatoka kwako, mzee. Shuka na gia uliyopandia, ikibidi weka 2, breki uikanyage kwa nguvu na kwa muda mfupi, kisha uiachie ipumue. Oili ya breki ya DOT 3 ikiwa mpya inachemka kwenye nyuzijoto 205, DOT 4 kwenye 230. Lakini oili hiyo hufyonza unyevu wa hewa, na ile ambayo haijabadilishwa tangu gari ishuke melini inachemka mapema zaidi. Ikichemka inatoa mapovu, mapovu yanabonyea, pedeli inazama hadi sakafuni na gari inaendelea na safari zake. Ukisikia harufu, simama pembeni robo saa au zaidi. Usimwagie maji, maana diski ya moto ikikutana na maji ya dumu inapinda au inapasuka, na diski hiyo utaitafuta Kigoma mjini mpaka uagize Dar.

Na hapo hujakutana na mwenye baiskeli. Amebeba madumu matatu ya mawese, moja kila upande na la tatu juu ya karia. Breki hana, breki yake ni kandambili. Anainua mguu, anabana soli kwenye tairi la nyuma, soli inalia kwiii, kamoshi kanatoka, anakupita. Anakupita wewe mwenye breki za ABS. Na hakuna tochi inayompiga.

Tabora ni kinyume. Toka mjini ushike ya Nzega, ya Sikonge au ya Urambo, ni rula tu, miombo kushoto, miombo kulia. Raha yake ni utulivu na hatari yake ni hiyo hiyo. Ukishatembea na 110 kwa nusu saa, jicho na sikio vinazoea. Ukishuka hadi 70 unajiona umesimama, unataka kufungua mlango ukajinyooshe. Kwa hiyo kwenye kibao usiusikilize mwili, tazama mshale. Na anza mapema. Kutoka 100 hadi 50 bila kumtupa abiria kwenye dashibodi unahitaji mita 190 hivi, ukihesabu na ile sekunde na nusu ya kushtuka. Kutoka 80, kama mita 110. Hamsini inaanza pale kiliposimama kibao, haianzii pale ulipokikumbuka.

Sheria yenyewe ya usalama barabarani ni ya 1973 na haina mafumbo: kwenye makazi mwisho 50, mabasi na malori mwisho 80 hata porini. Faini ya kosa ni Sh 30,000. Sasa piga hesabu. Kijiji cha kilomita 4 ukikipita na 50 unatumia dakika 4 na sekunde 48. Ukikipita na 80, dakika 3. Umeokoa sekunde 108. Gawa 30,000 kwa 108: kila sekunde umeinunua kwa karibu Sh 280, na zote utazimaliza Nzega ukisubiri chipsi.

Mchezo wa kukamatwa nao una hatua zake. Kwanza unawashiwa taa na gari inayokuja. Ungedhani umesaidiwa. Lakini huku kwetu taa maana yake yaweza kuwa trafiki, ng'ombe, mlango wako wa nyuma haujafungwa, lori limelala kwenye kona, au ni jamaa amekufananisha na mtu wa Kaliua anayemdai. Unapunguza hata hivyo. Unaenda na 50 kilomita nzima, huoni kitu, unajisemea alikuwa ng'ombe. Unakanyaga. Ndipo nguo nyeupe zinapotoka kivulini, kwa upole. Hakuna binadamu mpole kama trafiki mwenye picha yako.

"Habari ya safari, dereva?"

"Salama afande, pole na jua."

"Nimeshapoa. Leseni."

Leseni inatolewa. Anaisoma yote, mbele na nyuma. Anaizunguka gari. Bima ipo. Kizima moto kipo. Stika ya Nenda kwa Usalama ipo. Dereva anaanza kupata matumaini, maana hajui kwamba hayo ni maandalizi tu. Simu inatoka mfukoni. Kwenye picha kuna gari, namba, uso wa shemeji akiwa amefumba macho, tarehe, saa, umbali mita 312, mwendo 71. Aliyeipiga hayupo. Yuko nyuma kilomita tatu na tochi yake, picha ndiyo imetangulia.

Hapo kauli ni moja tu, samahani afande, andika. Lakini kwenye kiti cha kushoto kuna shemeji, na shemeji amesoma.

"Afande," anasema shemeji, "hiyo tochi ilishikwa kwa pembeni. Pembe inaharibu vipimo."

Ni kweli, pembe inaharibu vipimo. Ila inaviharibu kwa faida ya dereva. Tochi inapima jinsi gari inavyoisogelea, hivyo ukipigwa kutoka pembeni inasoma pungufu. Kwa pembe ya nyuzi 10, gari ya 72 inasomeka 71. Afande ameshawasikia mashemeji wa mikoa yote. Anatabasamu.

"Kwa hiyo unasema alikuwa na 72?"

Dereva anamfinya shemeji paja. Shemeji hafinyiki.

"Basi ilipiga gari ya mbele."

Mwale wa tochi ya leza ni mwembamba. Kwa mita 300 unatanuka hadi mita moja hivi, haujazi hata upana wa gari. Zile za rada ndizo mawimbi yake husambaa, unamlenga huyu ukamwokota yule. Afande hana haja ya somo hilo. Anageuza simu.

"Gari ya mbele ipi?"

Kwenye picha kuna gari moja na mbuzi.

"Lakini sisi kwenye dashibodi tulikuwa tunasoma 60!"

Hapo shemeji amekiri kosa kwa niaba ya ukoo mzima. Na kitaalamu amejimaliza, kwa sababu spidomita kutoka kiwandani hutengenezwa isome zaidi ya mwendo halisi, kamwe isisome pungufu. Inasoma pungufu pale mwenyewe ulipobadilisha tairi. IST iliyokuja na 185/65R15, wewe ukaivalisha 195/70R15 ili ikae juu kwa ajili ya makorongo, tairi limeongezeka kipenyo kwa asilimia 5, basi mshale ukiwa kwenye 60 halisi unaweza kufika 63. Ukitaka kujua, weka programu ya ramani kwenye simu, tafuta sehemu iliyonyooka, shikilia mwendo mmoja, linganisha namba mbili. Lakini ili 60 iwe 71 uwe umefunga tairi za trekta.

Dereva anatoa silaha ya mwisho, anainamisha kichwa na kusalimia Kisukuma. "Mwangaluka, afande."

"Mimi mtu wa Tanga."

"Sasa afande, tunaongeaje?"

"Tunaongea vizuri tu. Nipe namba ya simu."

Na hapa ndipo mtandao, ambao tangu asubuhi haukutosha kumjulisha mama mmefika wapi, unaamka. Meseji inaingia kabla hajamaliza kubonyeza: namba ya malipo, Sh 30,000, siku 7, baada ya hapo deni linaongezeka. Ukipuuza, deni linakaa kwenye namba ya gari, si kwenye namba yako. Ndiyo maana ukinunua gari mkononi mwa mtu lazima uangalie deni lake kwenye mfumo wa trafiki kwanza, maana kuna watu wanauza Crown na wamebaki na furaha zote za barabara ya Manyovu, wewe umebaki na risiti.

"Safari njema," anasema afande. "Na wewe shemeji, karibu tena."

Sawa. Kosa ni kosa, alipe. Kinachouma si 30,000. Kinachouma ni kibao cha kumaliza hamsini, kile cheupe chenye mistari myeusi ya mshazari. Kiko wapi? Cha kuanzia kipo, kimepakwa rangi, kinang'aa usiku. Cha kumalizia kimegongwa na lori la tumbaku, kimelala kwenye nyasi, au hakikuwahi kuwepo. Kijiji kimeisha, mashamba yameisha, umeingia porini, bado unatembea na 50 kwa sababu hakuna aliyekuambia basi. Nyuma yako basi linakupigia honi, ving'amuzi vyake vya mwendo vinalia ndani mpaka abiria wamezoea, linakupita kwenye mlima na mstari usiokatika. Halikamatwi. Wewe ukisema nami nikanyage, mwembe huu hapa, na chini ya mwembe yuko mtu.

Wakati huohuo pale shuleni, saa saba mchana, watoto mia na ushee wanavuka lami kwa mbio wameshikana mikono, hakuna kibao, hakuna mstari, hakuna nguo nyeupe. Mwalimu amesimama katikati ya barabara na fimbo ya chaki, anasimamisha malori. Fimbo ya chaki! Tochi ingekaa pale siku moja tu, hiyo saa saba, nani angelalamika? Hata shemeji angelipa bila kubishana. Lakini pale hakuna mteremko, magari hayajiachii yenyewe, kwa hiyo picha hazitoki nyingi.

Tuyaache. Matuta nayo ni habari nyingine, hasa yale yasiyopakwa rangi. Rasta, vile vituta vidogo vya mfululizo, afadhali, ukizipita na 30 meno yanagongana, ukizipita na 50 kila kitu kwenye buti kinahama makazi. Na kama ulinunua asali njiani Sikonge, ile inayouzwa kwenye chupa za maji, tayari umeumia. Asali isilazwe. Isimamishe nyuma ya kiti, funga kizibo na kipande cha nailoni chini yake, zungushia kanga. Usihangaike kuwasha kiberiti wala kudondoshea tone kwenye maji ili ujue kama ni halisi, vipimo hivyo havithibitishi kitu, na ikiganda haina maana ni sukari. Ikimwagika kwenye zulia tumia maji ya vuguvugu na kitambaa, sio petroli, na ufanye leo leo kabla sisimizi hawajapata habari. Ikipenya hadi chini, usiipeleke gari kwa fundi yeyote. Akiona kitu cha kahawia kinadondoka nyuma atakwambia ni oili ya difu na atakutajia bei, wakati IST yako, kama si ile ya 4WD, inavutwa na tairi za mbele na huko nyuma difu haipo kabisa. Mwambie achovye kidole aonje.