Mnyororo wa Markov bado una kazi

Tangu modeli kubwa za lugha zianze kujibu maswali kwa sentensi zilizonyooka, wapo walimu wa programu wanaoona mwanafunzi anapoteza muda akiandika, kwa lugha ya programu ya JavaScript, mnyororo wa Markov: programu ndogo inayochagua neno linalofuata kwa kutazama tu neno au maneno yaliyotangulia. Kwa nini ajenge kitu kinachotoa sentensi zisizo na maana?

Udhaifu wanaoutaja ni wa kweli. Mnyororo unaotazama neno moja la nyuma hausahihishi ngeli. Ukiupa "vitabu vya mwalimu vimepotea" na "mwalimu amefika", unaweza kukuandikia "vitabu vya mwalimu amefika". Anayetaka chombo cha kujibu wateja autupe mbali.

Lakini Andrey Markov mwenyewe, mwanahisabati Mrusi, hakuwa akitafuta sentensi. Mwaka 1913 alihesabu kwa mkono herufi 20,000 za Eugene Onegin, riwaya ya kishairi ya Pushkin, akakuta kwamba baada ya konsonanti uwezekano wa kupata irabu ni 0.663, na baada ya irabu ni 0.128 tu. Tofauti hiyo, zaidi ya mara tano, ndiyo iliyokuwa hoja yake yote: mambo yanayotegemeana nayo yanapimika.

Mwanafunzi wa leo anaupata upimaji huohuo kwa mistari michache. Anakata matini penye nafasi kati ya maneno, kila neno linakuwa ufunguo ndani ya Map (jedwali la JavaScript linalounganisha kila ufunguo na thamani yake), na thamani yake ni safu ya maneno yaliyowahi kulifuata. Yanayojirudia hayaondolewi. Neno lililofuata mara tatu linakaa mara tatu, kwa hiyo Math.random, amri ya JavaScript inayotoa namba ya bahati nasibu, inapotumika kuchagua mahali popote kwenye safu, uwezekano umeshajipanga wenyewe. Na kila neno linalotoka unaweza kulifuatilia hadi kwenye sentensi lilikotoka, jambo ambalo modeli yenye mabilioni ya vigezo, yaani namba inazojirekebishia wakati wa kujifunza, haikupi.

Kisha anajaribu kutibu ngeli kwa kutazama maneno mawili ya nyuma, na hapa ndipo somo lenyewe lilipo. Msamiati wa maneno 5,000 una jozi 25,000,000 zinazowezekana. Ukiongeza neno la tatu, michanganyiko inafika 125,000,000,000. Hakuna matini ya mwanafunzi itakayogusa hata chembe ya hiyo. Kiswahili kinabana zaidi, maana kitenzi kimoja hubeba mtenda, wakati na mtendwa: "atakuona", "alituona" na "hawajamwona" kwa programu hii ni maneno matatu yasiyojuana kabisa. Matokeo yake, safu nyingi zinabaki na neno moja tu. Hakuna cha kuchagua, na programu inanakili sentensi za watu neno kwa neno huku ikionekana kutunga. Mwanafunzi akichapisha urefu wa safu zake analiona hilo kwa macho, wala hahitaji kuambiwa kwa nini data haba huzaa unakili.

Wapinzani wako sahihi wanaposema kuishia hapo hakutoshi. Basi aachiwe swali gumu: sahihisha "vitabu vya mwalimu amefika" bila kuongeza matini. Wengi wataanza kuvunja vitenzi, a-ta-ku-ona, ili viambishi vihesabiwe peke yake. Modeli kubwa nazo hukata maneno vipande kabla ya kuanza kujifunza, ingawa si lazima zikate pale ambapo sarufi ingekata.