Taka Hii Si Taka Ile

Kila ninapokutana na mtu anayedai kwamba lugha mbili zilizo mbali ni ndugu kwa sababu zina neno linaloandikwa vilevile, humwomba avumilie kidogo tulichunguze neno taka. Lina herufi nne tu na sauti nyepesi, lakini limeota katika lugha nyingi mno zisizohusiana, na kila moja imelipata kwa njia yake.

Kiswahili peke yake kina mawili: kitenzi kutaka, na nomino taka, yaani uchafu unaotupwa. Kitenzi hicho kimefanya kazi kubwa kuliko wengi wetu tunavyodhani, kwa maana kiambishi -ta- cha wakati ujao ni mabaki yake. Ushahidi umo katika virejeshi: katika Kiswahili sanifu tunasema atakuja, lakini tunapotaja mtu mwenyewe tunasema atakayekuja, na hapo taka hurejea nzima, kana kwamba haikuwahi kukatwa. Takabari, kwa upande wake, isimpotoshe mtu. Hiyo imetoka katika Kiarabu, nayo haina nasaba na kutaka wala na uchafu.

Nje ya Kiswahili mambo huongezeka. Kwa Kijapani taka ni mwewe, na kwa Kifini taka- ni sehemu ya nyuma, hivyo takaovi ni mlango wa nyuma. Kipolandi hulitumia kwa maana ya "wa namna hiyo" pale nomino inapokuwa ya jinsia ya kike, na kwa Kihausa ni kukanyaga. Nchini Bangladesh, taka ndiyo sarafu ya taifa tangu mwaka 1972, na jina hilo linatokana na neno la Kisanskriti, tanka, lililotaja sarafu iliyopigwa chapa. Mtu mwenye mzaha angeweza kusema kwamba fedha ndiyo kitu ambacho kila mtu anakitaka, na ninaogopa kwamba yupo ambaye angeliandika jambo hilo kwa dhati.

Mtego mkubwa zaidi, hata hivyo, uko katika Kiaislandi, ambako taka ni kitenzi chenye maana ya kuchukua. Kutaka na kuchukua ni mambo yanayofuatana, kwa hiyo akili hukimbilia kuyaunganisha. Lakini neno hilo limerithiwa kutoka lugha ya kale ya Skandinavia, na ndilo lililoingia katika Kiingereza na kuwa take, likasukuma nje kitenzi cha zamani, niman, ambacho ndugu yake wa Kijerumani, nehmen, anaishi hadi leo. Historia hiyo yote haipiti popote karibu na Kibantu.

Mkanganyiko huu hauna miujiza. Sauti t, k na a ni miongoni mwa sauti zilizoenea zaidi duniani, na lugha nyingi hupenda silabi ya konsonanti moja ikifuatwa na irabu, kwa hiyo ajabu ingekuwa kutoiona taka mahali pengi. Tena baadhi ya mfanano ni zao la alfabeti ya Kilatini tu. Mjapani na Mbengali huandika kwa hati zao, na t ya Kibengali katika neno hilo hutamkwa kwa ncha ya ulimi iliyokunjwa kuelekea nyuma, tofauti na yetu. Ni sisi tuliozivisha sare moja.

Ninachokitaka kwa mwenye kudai udugu ni kanuni ya mabadiliko ya sauti inayojirudia katika maneno mengi. Kimaori nacho kina taka, ambayo hubeba maana za kuanguka na kubingirika. Ndugu yake wa kweli yuko Hawaii na hafanani naye: ni kaʻa. Huko t ya Kimaori huwa k, na k huwa kipasuo cha kooni kinachoandikwa kwa alama ndogo. Kanuni hiyohiyo inaeleza kwa nini samaki ni ika kwa Kimaori na iʻa kwa Kihawaii, na kwa nini mtu ni tangata upande mmoja na kanaka upande mwingine. Huo ndio udugu ninaoukubali, ingawa jicho halikuuona.

Kuna jambo moja, nakiri, ambalo hunichekesha kila nikilifikiria. Kiswidi kilirithi kitenzi kilekile cha Skandinavia, kwanza kikasema taga, na baadaye matumizi ya kila siku yakakikata hadi kikabaki ta. Kiswahili nacho, bila kushauriana na yeyote, kilikata taka yake hadi ikabaki -ta-. Maneno mawili yasiyojuana yalianza yakifanana, yakachakaa kila moja kwa mkondo wake, na yakaishia kufanana tena.