Buster Keaton: MGM ndo ilimmaliza, au tatizo lilianza kabla?

Ukigusa habari za sinema bubu utasikia Charlie Chaplin tu, na mi namheshimu Chaplin, lakini kwangu mkali wa komedi wa enzi zile ni Buster Keaton, yule jamaa asiyecheka hata dunia ikimwangukia. Na kila akitajwa hadithi ni ileile, kwamba mwaka 1928 alisaini mkataba na MGM, kampuni kubwa ya filamu ya Hollywood, na hapo ndo kipaji kikazikwa. Yeye mwenyewe kwenye kitabu chake cha 1960 alisema ndo kosa baya kuliko yote aliyowahi kufanya maishani, na Chaplin na Harold Lloyd, mchekeshaji mwingine mkubwa wa enzi hizo, wote walimwonya asiende. Sasa swali langu, je kampuni ndo ya kubeba lawama zote?

Tuanze na alikotoka. Amezaliwa Kansas 1895, wazazi wake walikua wasanii wa majukwaani, na toka mdogo baba yake alikua anamrusha huku na huko mbele ya watazamaji na yeye anainuka uso mkavu. 1917 akakutana na mchekeshaji wa filamu Roscoe Arbuckle pale New York akaingia kwenye filamu, kufika 1920 ana studio yenye jina lake. Na pale walifanya kazi bila skripti kabisa, wakishapata mwanzo na mwisho wa stori basi katikati itajipa yenyewe, wakikwama wanasimamisha kamera wanaenda kucheza besiboli mpaka mtu apate wazo. Hivyo ndo zilivyopatikana Sherlock Jr., The Navigator, The General, na Steamboat Bill, Jr. ambayo ukuta mzima wa mbele ya nyumba unamwangukia na yeye anabaki amesimama kwa sababu tu alisimama pale dirisha la juu litakapopita. Ukuta ule ulikua mzito kweli, angekosea hatua moja tu habari yake ingeishia pale.

MGM wakaja na utaratibu wao. Skripti iandikwe na watu kibao, ipitishwe na mabosi, kila kitu kwa ratiba, na staa haruhusiwi kujihatarisha. The Cameraman ya 1928 bado ni nzuri sana, Spite Marriage ya 1929 inapita, baada ya hapo sauti ikaingia na wakamfanya mjinga anayeongeaongea tu, wakamfunga pamoja na mchekeshaji Jimmy Durante ambaye hanyamazi. Mtu ambaye nguvu yake yote ilikua mwilini na kwenye ukimya! Hapo siwezi kuwatetea, waliichukua silaha yake wakamwachia ala.

Lakini upande wa pili nao una hoja, na watu wanaukwepa. The General, ambayo leo inaitwa moja ya filamu bora kuwahi kutengenezwa, ilikula hela vibaya. Ile treni ya kweli inayotumbukia mtoni pamoja na daraja kule Cottage Grove, Oregon, inasemekana tukio lile peke yake lilikula kama dola 42,000, na filamu ilivyotoka wahakiki wengi waliiponda na mauzo hayakurudisha gharama. Zile za sauti za MGM ambazo sisi tunaziona takataka ziliuza vizuri kuliko nyingi za nyuma, na yeye alikua analipwa dola 3,000 kwa wiki. Na lile suala la kumkataza hatari, jamani, wakati wa Sherlock Jr. maji ya tangi la reli yalimpiga akavunjika mfupa wa shingo na asijue mpaka miaka imepita daktari anamwona kwenye eksirei. Kampuni yoyote ingeogopa. Ongeza pombe, ndoa yake na Natalie Talmadge ikavunjika 1932, siku nyingine hafiki kazini, na 1933 Louis B. Mayer, bosi wa studio ya MGM, akamfukuza.

Ila mimi naona mzizi uko nyuma ya yote hayo. Ile studio yenye jina lake haikua yake! Hakua na hisa hata moja, alilipwa mshahara na sehemu ya faida, maamuzi ni ya Joseph Schenck, mtayarishaji wa filamu zake, ambaye pia alikua shemeji yake maana wameoa dada na dada. Schenck alipoamua kufunga studio akamsukumia kwa ndugu yake Nicholas, bosi wa kampuni mama ya MGM, na Keaton akaenda kwa sababu alimwamini. Chaplin alikua na studio yake na hela yake, Lloyd naye baada ya kuachana na mtayarishaji wake Hal Roach alimiliki filamu zake, ndo maana sauti ilipoingia hao wawili waliweza kuamua wenyewe lini waongee na waongee nini. Chaplin alitoa filamu bila maongezi mpaka 1936! Keaton hakua na huo uwezo, hata kama MGM wangekua malaika.

Kwahiyo kwangu MGM wana kosa la kutomwelewa, lakini aliyemwacha bila ulinzi ni Schenck, na hilo sioni likisemwa vya kutosha. Cha kuuma zaidi, miaka michache baadaye alirudi palepale MGM kama mtunzi wa vichekesho kwa dola 100 kwa wiki, akiwatungia wengine.