Toeni jiko chumbani, mtoto ana kifua cha mama

Ukienda kumwona mzazi Njombe mwezi wa sita au wa saba, utaambiwa mtoto yupo, ila kumwona ni kazi. Juu kuna blanketi la manyoya, chini yake shali, chini ya shali kitenge, halafu sweta mbili na kofia iliyovutwa mpaka kwenye nyusi, na huko ndani kabisa kuna pua ndogo inayotafuta hewa. Pembeni ya kitanda pamewekwa jiko la mkaa. Dirisha limezibwa kwa kanga, na kabla hujavua viatu mtu ameshakuambia, "Funga mlango, mtoto atapigwa na baridi."

Nawaelewa. Baridi ya huku si ya kuhadithiwa. Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na ukipanda kuelekea Makete mpaka uwanda wa Kitulo unavuka mita 2,600. Kuna asubuhi nyasi zinaamka nyeupe kwa sakitu. Nyumba nyingi ni bati tupu bila dari, kwa hiyo joto lolote unalolitengeneza linapanda na kwenda zake. Mtu wa Dar anayevaa sweta kwa sababu mvua imenyesha hana cha kutuhubiria.

Ila naona tumekosea silaha. Tunajaza nguo na mkaa chumbani, na joto lililo bora kuliko yote, la mwili wa mama, tunaliweka mbali kwa tabaka tano za vitambaa.

Mtu mzima akisikia baridi hutetemeka, na kule kutetemeka kunampa joto. Mtoto mchanga hatetemeki. Anazaliwa na akiba ya mafuta ya rangi ya kahawia, kati ya mabega, shingoni na kuzunguka figo, na baridi ikimkamata huyachoma hayo. Kuyachoma kunakula sukari na oksijeni yake, ndiyo maana mtoto aliyepoa hulegea na kukataa ziwa, na akikataa ziwa anazidi kupoa. Njiti, yaani mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, ana akiba ndogo zaidi ya mafuta hayo. Joto linalotakiwa ni kati ya nyuzi 36.5 na 37.5. Likiteremka chini ya hapo, kilo tatu za mtu hazina pa kujitetea: ngozi yake ni kubwa mno ukilinganisha na uzito wake, na kichwa peke yake ni sehemu kubwa ya ngozi hiyo.

Hatari kubwa iko mwanzoni kabisa, wakati bado ameloa. Shirika la Afya Duniani linasema mtoto asipokaushwa joto lake linaweza kushuka nyuzi 2 hadi 4 ndani ya dakika 10 hadi 20 tu. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kumkausha, kitambaa kilicholowa kitupwe pembeni, awekwe kifuani kwa mama, afunikwe kwa kitambaa kikavu, avishwe kofia. Wakunga wetu wanalijua hili vizuri. Mvutano huanza bibi akifika, anapouona ule utando mweupe kwenye ngozi ya mtoto na kuuita uchafu. Bibi anataka maji ya moto, na anayataka sasa hivi. Bibi yangu, shikamoo yako iko palepale, lakini ule utando ni ulinzi wa ngozi na hauna haja ya kusuguliwa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni kusubiri saa 24 kabla ya kumwogesha. Na hata baada ya hapo sioni sababu ya kumwogesha mtoto wa Juni kila siku, tena alfajiri, eti kwa sababu ndivyo ilivyozoeleka. Subiri saa saba mchana, jua likiwa limepiga bati. Pima maji kwa kiwiko, taulo na nguo ziwe mkononi kabla hujamvua, na siku nyingine mfute uso, shingo na makalio, basi.

Sasa jiko. Ukimwambia mtu alitoe anakujibu, "Limeshaiva, halina moshi." Hapo ndipo penye msiba. Makaa yaliyoiva, mekundu, yasiyotoa moshi hata kidogo, bado yanatoa kaboni monoksaidi, na hewa hiyo haina rangi wala harufu. Inaing'ang'ania damu mara 200 na zaidi kuliko oksijeni inavyofanya. Mtoto anapumua haraka kuliko mtu mzima, kwa hiyo anaivuta zaidi, na wewe kichwa kikianza kukugonga unadhani ni uchovu wa uzazi, unajilaza. Msimu wa baridi haupiti bila kusikia habari za watu waliolala na jiko wasiamke. Kwenye jambo hili sina maelewano: jiko halilali chumbani. Kama chumba ni barafu kweli, liwashie nje, liingize mlango ukiwa wazi, likipunguza ubaridi litoe kabla mtu hajapanda kitandani. Chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa kitambaa inaweza kupasha kitanda, nayo itolewe kabla mtoto hajalazwa. Kitanda chenyewe kisogezwe mbali na ukuta wa nje. Haya hayana gharama.

Kuhusu nguo, watu wanafikiri unene ndio joto, kumbe joto linatunzwa na hewa iliyokaa kati ya nguo na nguo, kwa hiyo tatu nyepesi zinalishinda koti moja zito. Fulana ya pamba iliyokaa mwilini, juu yake ovaroli ya mikono mirefu yenye miguu, juu yake sweta, soksi, kofia, kisha shali moja. Kanuni ya kawaida ni kumvika nguo moja zaidi ya wewe unavyojisikia vizuri. Ukimviringisha, mabega yakae sawa lakini miguu iwe na nafasi ya kukunja magoti na kuyatanua, maana kumnyoosha miguu na kuibana kunaweza kuharibu nyonga. Uso uwe wazi wakati wote, na alale chali.

Adui mkubwa wa nguo za mtoto huku ni unyevu. Ukungu ukishuka, nepi za kitambaa zinaanikwa asubuhi na jioni unazianua zikiwa vilevile, baridi na nzito. Nimemwona jirani akizipiga pasi ya mkaa moja moja barazani: pasi inapita, mvuke unapanda, anaigeuza, anapitisha tena, kisha anaiweka kwenye shavu lake kusikiliza kama bado kuna unyevu kwenye mshono. Wengine walimcheka kwamba anajipa kazi. Mimi nasema kazi ile ilikuwa na faida kuliko blanketi lolote lililoletwa pale, kwa sababu nepi yenye unyevu inamnyonya mtoto joto usiku kucha hata umfunike vipi. Anayevaa pampasi naye abadilishwe mapema. Kumwacha ameloa kwa kuogopa kumfunua ni kumpoza taratibu.

Na utajuaje ametosheka? Viganja vinadanganya, siku za mwanzo vinaweza kuwa baridi na rangi ya bluu kidogo bila tatizo. Gusa tumbo, kisha nyayo. Vyote vikiwa na joto, mwache alale. Tumbo lina joto lakini nyayo baridi, ameanza kupoa, mweke kifuani. Vyote baridi, na mtoto amelegea au hanyonyi, hapo ni hospitali, na aende akiwa ngozi kwa ngozi ndani ya nguo za mama, asibebwe mikononi. Upande wa pili kuna jasho kisogoni, uso mwekundu na kupumua haraka. Huyo amefunikwa kupita kiasi. Kuna wazazi wanaokimbilia zahanati kwamba mtoto ana homa, muuguzi anamvua sweta mbili na blanketi, anasubiri, anapima tena, joto limerudi kawaida. Likibaki juu, hiyo ni homa kweli na haingoji kesho. Moto kupita kiasi usingizini ni hatari pia, ni moja ya mambo yanayohusishwa na vifo vya ghafla vya watoto wachanga.

Nimefika ninapopapenda. Mwaka 1978 kule Bogotá, Colombia, daktari Edgar Rey Sanabria, ambaye hospitali yake ilikuwa na njiti wengi na mashine za joto chache, alianza kuwafunga watoto kifuani kwa mama zao. Mwenzake Héctor Martínez akaiendeleza kazi hiyo, na leo kila mtu anaiita kangaruu. Mwaka 2021 yakatoka matokeo ya utafiti uliofanyika katika hospitali za Ghana, India, Malawi, Nigeria na hapa kwetu Tanzania, kwa watoto wenye kilo 1 hadi chini ya 1.8. Waliowekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, badala ya kusubiriwa mpaka watulie, vifo vyao vilipungua kwa takriban robo. Hao ni njiti, lakini kifua hakichagui, na mtoto wa kilo tatu na nusu naye anapashwa vilevile. Mwili wa mama unampasha, ziwa liko hapohapo, na maziwa ndiyo kuni za moto wake, ndiyo maana anatakiwa kunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku ukiwemo.

Na nani kasema lazima kiwe kifua cha mama tu? Shemeji yangu, fundi mbao, alimbeba bintiye ndani ya koti lake wakati mama akilala mchana. Mtoto amebaki na nepi, kofia na soksi, amebandikwa kifuani, amefungwa kwa mbeleko, koti limefungwa zipu mpaka usawa wa shingo ya mtoto, baba ameegemea kiti anasikiliza mpira redioni kwa sauti ndogo. Goli likaingia, akapiga kelele bila kufungua mdomo. Wenzake walimtania wiki nzima. Waendelee tu kutania. Ningependa kuona wanaume wa aina hiyo kila nyumba, maana mama aliyejifungua hawezi kuwa kitanda, jiko la chakula na blanketi kwa saa 24. Sharti moja: anayembeba awe macho. Akisinzia, mtoto apewe mwingine au alazwe mahali pake.

Kwenye kundi la familia kuna dada yetu aliyeko Minnesota, na kila Desemba vita hurudi. Yeye ameambiwa kliniki kwamba mtoto akilala ndani asivae kofia wala asiwekewe blanketi lililolegea, bibi wa huku anasikia kama matusi. Wote wako sahihi. Nyumba yake ina hita na usiku ndani anatembea na fulana, na kwenye gari anamfunga mkanda bila lile koti nene, anamfunika juu ya mkanda, kwa sababu koti likibonyea mkanda unabaki umelegea. Nyumba ya bati isiyo na hita ni shauri jingine, na kofia ya siku za mwanzo hapa ni dawa. Ila kuhusu blanketi lililolegea karibu na uso, bibi asogee upande wa dada.

Siku ya kutoka hospitali watu wanapenda kuondoka alfajiri wawahi, wakati ukungu umelala barabarani. Subirini saa nne au tano. Bajaji iliyofungwa turubai ni bora kuliko pikipiki, na mtoto akae kifuani kwa mama ndani ya koti, pua ikionekana.

Kwa mnaojiandaa kuja kumwona mzazi wetu mwezi wa saba: leteni fulana tatu za pamba, za mtumba zinafaa sana zikishafuliwa na kupigwa pasi, kofia mbili ili moja ikiloa iwepo nyingine, na chakula cha moto cha mama. Mkija na mafua, tumeni salamu kwa simu. Na kama mmeshanunua lile blanketi kubwa la manyoya msilirudishe dukani, mama mwenyewe analala na shuka na kitenge.