Kunguru wa Sendofu

Mdiria wa kwetu ziwani, yule ndege mvua samaki, ni mweusi kwa mweupe, na hilo ndilo lililoniponza. Nilihitaji manila za rangi mbili tu, nikajiona nimeokoa hela. Wiki tatu nakata manyoya kwa kiwembe, moja moja. Kila unyoya nauviringisha kwenye penseli ubetuke, kisha naubandika ukiwa umeinuka kidogo, kivuli kiingie chini yake. Uzuri wa uchongaji wa karatasi ni hicho kivuli. Ukibandika bapa umetengeneza kadi ya mchango. Ndege wawili, midomo imekutana. Nikawamulika kwa taa ya pembeni, nikawapiga picha.

Mpango ulikuwa waonekane juu ya pazia la maji, ufukweni Igombe, kwenye sendofu ya binti wa shangazi. Nilikuwa nimeangalia kwenye simu onyesho la World of Color, lile la bustani ya Disney kule California lililoanza mwaka 2010. Wenzetu wana chemchemi karibu 1,200. Mimi nilikuwa na pampu ya kumwagilia nyanya, ya kuazima, na bomba nililolitoboa kwa msumari wa moto.

Projekta nikaiweka nyuma ya maji, juu ya jiwe, ikiwatazama wageni, maana ukungu hung'aa zaidi mwanga ukitokea nyuma yake. Upepo nao niliupigia hesabu: jioni unatoka ziwani kuja nchi kavu, usiku ukikolea unageuka. Kadi iliandika saa kumi na mbili, kwa hiyo mambo yangeanza saa tatu. Nani angejua tumempata mshehereshaji pekee Mwanza nzima anayefuata ratiba?

Saa moja na nusu nikamsikia kwenye spika: "Fundi wetu, tuonyeshe maajabu!"

Nikawasha. Kumbe tundu la msumari halitoi ukungu, linatoa matone ya masika. Mwanga ukapenya kama hakuna kitu, ndege wakaenda kutua kwa wageni. Wakati huohuo shangazi, kwenye gauni lake jeupe, alikuwa amesimama akisalimiana na baba wa bwana harusi, naye shati jeupe. Ndege mmoja huku, mwingine kule. Midomo ikakutana katikati ya wakwe.

Kimya. Kisha bibi mmoja: "Kunguru!"

Shangazi akajitazama kifuani. "Mtoto wa kaka! Umeniletea kunguru kwenye sendofu ya mwanangu?"

"Ni mdiria, shangazi!"

"Mdiria ndiyo nini? Watoe!"

Ningezima projekta, yakaisha. Mimi nikakimbilia pampu, nikabana bomba kwa mikono miwili ili presha ipande, matone yalainike. Yakalainika kweli. Upepo ukayabeba yote hadi meza kuu. Wigi zikalala, pilau ikawa uji, baba mkwe akajifunika sinia. Na hapo, juu ya vichwa vilivyolowa, ukungu ukashika mwanga: ndege wangu wakasimama hewani, kila unyoya na kivuli chake. Watoto wakapiga makofi. Watoto tu.

Upepo uligeuka saa tatu na dakika kumi. Nilikuwa juu ya jiwe peke yangu, nakunja bomba.