Kaugali kalivyoniitishia harambee

Niwaambie vile ugali saizi ya ngumi ulifanya nusu ya mtaa wetu wa Umoja ijue ati nimesota.

Ilianza na sukari. Nilipimwa asubuhi kabla sijakula, ikasoma 6.3, daktari akasema kisukari chenyewe kinaanzia 7 lakini kwa ile spidi yangu nitafika tu, akanituma kwa madam wa lishe. Mimi nilijua naenda kupewa ile karatasi ya kila mtu, usile hiki usile kile, uhamie matango kama sungura. Kumbe madam hana haraka. Akauliza kazi gani (naendesha teksi usiku), nakula saa ngapi, chai naweka sukari vijiko vingapi. Nikasema viwili. Akaniangalia tu. Nikasema vinne. Bado ananiangalia, nikajikuta nimetaja hadi mandazi za saa kumi alfajiri pale steji, ambazo hata mke wangu hajui.

Ugali hakunikataza. Alisema kunja ngumi, nikakunja, ugali usipite hapo, nyama ama ndengu kiasi cha kiganja, na nusu ya sahani yote iwe mboga. "Ngumi yako baba, si ya jirani." Alinishika mapema, maana nilikuwa nishaanza kufikiria ya shemeji yangu wa mjengo. Halafu kila mlo nipige picha nimtumie WhatsApp, niandike najisikiaje, ukweli mtupu.

Siku ya kwanza jioni mke wangu akapakua na ile sahani kubwa ya wageni, managu kwa wingi upande mmoja, vipande viwili vya nyama, na kaugali kamekaa peke yake kama kisiwa cha Ziwa Victoria. Nikapiga picha, nikala dakika nne, nikaandika: "Hii ndiyo chakula yangu ya usiku wote. Nimemaliza na bado nina njaa sana. Sijui kama nitafika asubuhi." Nikatuma, nikaenda kuoga.

Ilienda kwa grupu ya jumuiya. Watu 84.

Kutoka bafuni simu imekuwa moto. Mweka hazina ashaanzisha orodha, "Tusimame na Baba Shiru", watu wanajaza mia tano mia tatu, na jamaa mmoja ambaye nina deni lake la elfu mbili tangu Pasaka ameandika "mimi deni nimelifuta, Mungu ni mwema". Hapo sitawadanganya, kidole kilikuwa tayari kuandika ukweli lakini nikakipumzisha kidogo.

Hako kapumziko ndiko kaliniponza, kwa sababu mlango ukabishwa. Mwenyekiti na kina mama watano, unga bela nzima, sukari kilo mbili (sukari jamani!), mafuta, na hotpoti ya chapati za moto. Mke wangu anaapa ati nyama imebaki kwa sufuria, ni daktari amempimia, na mwenyekiti anamshika bega, "tunaelewa mama, haya mambo humpata kila mtu". Akataka kuwafungulia sufuria waone, wakakataa, ati wasimwaibishe. Hajanisamehe mpaka leo. Wakaomba sala ndefu kisha wakakaa kunitazama nikila, "kula baba, usione haya", na mimi kwa heshima nikala. Chapati ya pili sikula kwa heshima, hiyo nilikula kwa roho safi.

Katikati mamangu akapiga kutoka Murang'a, mtu ashamfikia, analia, kesho anatuma gunia ya waru na ndizi kwa matatu ya kwanza. Nikimwambia mum nimeshiba ndiyo analia zaidi.

Saa tatu madam akatuma meseji, "Baba, picha ya jioni sijaiona." Nikaona basi, ukweli mtupu ni ukweli mtupu, nikapiga meza ilivyo, chapati nne zimebaki, chai ya maziwa, mkono wa mwenyekiti ukiniongezea. Ikakaa bluu dakika nzima. Halafu akajibu, "Na hapo tunapima na ngumi ya nani?"

Kesho yake nikaandika kwa grupu maelezo marefu, sukari, 6.3, sahani, kila kitu, nikaomba msamaha na pesa zirudishwe. Kimya. Wa kwanza kujibu alikuwa yule wa elfu mbili.